Mfuko Usio na Alama

Saa mbili asubuhi Shangazi aliomba meza mbili za chumba cha kulia cha kituo, na mpishi akampa kwa shingo upande, maana askari wa zamu walikuwa hawajamaliza chai. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa Inspekta, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba, na jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa akihoji watuhumiwa kama mtu anayewauliza kwa nini siku nyingi hawaji kumsalimia. Jina lilimganda, naye akaliacha ligande.

Koplo alitandika nailoni juu ya meza zote mbili, kisha akamwaga begi kubwa. Vilikuwa vitu vya marehemu. Siku sita nyuma, fundi saa mmoja wa miaka thelathini na tisa alikutwa amekufa kwa baridi ndani ya hema lake, kwenye kambi ya mwisho kabla ya kilele. Ilinyesha mvua ya mawe alasiri, upepo ukafuata, na asubuhi mpishi alipompelekea maji ya moto hakuitikiwa. Daktari aliandika baridi, na hapakuwa na jeraha wala sumu. Alikutwa ndani ya mfuko mwembamba wa kulalia, wa aina ambayo mtu angelalia varandani kwake.

Kwa hiyo kesi ilionekana imejiandika yenyewe. Kiongozi wa msafara ndiye aliyekagua vifaa vya kila mpandaji kabla ya safari, na kwenye daftari la kampuni aliandika kwamba mfuko wa marehemu unafaa. Mdogo wake marehemu, wa kike, aliyekuwa kwenye msafara huohuo, alitoa maelezo kituoni kwamba kiongozi aliuona mfuko ule mwembamba akaupitisha. Kesho saa tatu kiongozi angefikishwa mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na faili lilitakiwa kuondoka kituoni leo saa kumi jioni. Shangazi alipewa kazi ndogo tu ya kuhakiki orodha ya vielelezo na kutia saini. Mkuu wa kituo alimwambia haizidi nusu saa. Mkuu alikuwa na miezi miwili pale, na alikuwa bado hajamjua.

"Soma," Shangazi alisema.

"Viatu vya kupandia, jozi moja."

Alivichukua, akakunja soli, akapitisha kidole kwenye mishono. "Vimezoea mguu, nyayo hazijalika. Vinafaa. Endelea."

"Shangazi, tunahakiki kama vipo au kama vinafaa?"

"Mtu kafa, Koplo. Tuhakiki vyote."

Koplo alisoma, yeye akashika. Soksi za sufu, jozi nne. Glavu nyepesi na glavu nzito. Koti la mvua, ambalo alilimwagia maji ya birika ndani ya sinia akatazama kama yanapenya, hayakupenya. Taa ya kichwani na betri za akiba, zilizofungwa kwa plastiki. Fimbo mbili za kutembelea. Godoro la kukunja. Ilikuwa mizigo ya mtu aliyejiandaa vizuri, na Shangazi alianza kumheshimu marehemu kwa jinsi alivyofunga vitu vyake.

Koplo ndiye aliyeiona alama. Ilikuwa kwenye ulimi wa kiatu, imechorwa kwa wino usiofutika: uso mdogo wa saa, mishale yake ikionyesha saa tatu kamili. Wakaitafuta kwingine. Ilikuwa kwenye soksi, kwenye pindo la koti, chini ya taa, kwenye kijiko.

"Huyu bwana hata mswaki kauwekea alama," Koplo alisema. "Mwizi angeingia kwake angetoka na aibu."

"Mfuko wa kulalia."

Koplo aliusogeza. Ulikuwa wa kijani, umefifia kwa kufuliwa. Kibandiko kilisema unafaa kwa digri kumi. Usiku ule kule juu zilikuwa hasi kumi na mbili. Shangazi aliugeuza nje ndani. Akakagua shingoni, miguuni, kwenye mfuko mdogo wa ndani na kwenye gunia lake la kubania. Hakuna alama. Zipu ilikuwa imewahi kung'oka na kushonwa upya, kazi safi sana, uzi mweupe wenye nta.

"Mtu aliyeweka alama kwenye mswaki," alisema, "akasahau kitu atakacholalia?"

"Labda aliazima."

"Kwa nani?"

"Sijui."

"Basi andika kwamba hujui. Halafu nitafutie mizani."

Kule getini mwa mlima, sheria ni kwamba mzigo wa kila mgeni unapimwa kabla mpagazi hajauweka kichwani, na uzito wake unaandikwa kwenye utepe unaobandikwa begini. Utepe ulikuwa bado upo: kilo kumi na tatu na gramu mia sita. Walichukua picha iliyopigwa getini siku ya kwanza, wakaweka pembeni nguo alizokuwa amevaa pichani, na vingine vyote wakavirudisha begini kama vilivyokuwa. Koplo aliutundika kwenye mizani ya jikoni inayopimia magunia ya maharage. Kilo kumi na mbili na nusu.

"Alikula biskuti," Koplo alisema.

"Chakula kinabebwa na watu wa jikoni. Na biskuti gani za kilo moja na gramu mia?"

 Shangazi aliandika tarakimu hizo mbili kwenye kiganja chake, kama alivyozoea tangu chuo cha polisi, akaenda mahabusu.

Kiongozi wa msafara aliitwa Taratibu, na huko mlimani wengi hawakumjua kwa jina jingine. Ndilo neno alilowaambia wageni kutwa nzima, miaka kumi na saba, kupanda na kushuka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, midomo imepasuka kwa upepo. Alikaa sakafuni amekumbatia magoti.

"Umekuja kunifungua au kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Unakaguaje mfuko wa kulalia?"

Alimtazama kwanza kuona kama anamdhihaki. "Naingiza mkono mpaka kwapani, nafunga zipu, nahesabu. Mkono ukitoa jasho kabla ya mia, mfuko unafaa. Wa yule kaka ulinitoa jasho kwenye sitini."

"Kibandiko husomi?"

"Kibandiko kaandika muuzaji, afande. Mkono ni wangu."

"Uliokutwa nao ni wa digri kumi."

"Sio niliokagua mimi. Nimesema tangu siku ya kwanza. Wanaandika, halafu wananiuliza tena kwa nini niliupitisha."

"Nani mwingine aliona ukikagua?"

"Hakuna. Naita mmoja mmoja, nyuma ya pazia." Akainamisha kichwa. "Mtu anamwaga kila kitu pale, mpaka nguo zake za ndani. Mama wa watu, binti wa watu. Siwezi kumwanikia mbele ya wenzake. Wapo viongozi wanaotandaza turubai moja uwanjani, kila mtu anaona. Mimi naona ni kukosa staha."

"Siku ile nani alikuwa wa mwisho?"

"Yeye. Kabla yake mdogo wake."

"Huyo mdogo wake mligombana?"

Taratibu alitikisa kichwa. "Tulipokuwa tunashuka na maiti alinishika mkono. Hakuuachia mpaka getini. Nikamwambia taratibu, dada, taratibu. Halafu kesho yake nikasikia ndiye aliyenishitaki." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Mama yangu yuko nje?"

"Yuko kwenye benchi. Tangu asubuhi."

"Mwambieni akale."

Shangazi alimwambia, alipopita. Yule mama alimshukuru, akabaki palepale.

Stoo ya kampuni ilikuwa nyuma ya gereji, chumba kirefu chenye harufu ya turubai na mafuta ya taa. Mahema yaliyokunjwa yalipangwa mpaka darini. Mtunza stoo alikuwa mzee mkavu mwenye funguo shingoni, mtu wa kujibu alichoulizwa na kunyamaza. Shangazi alimwomba ampimie mfuko mzito wa kulalia, wa hasi kumi na tano. Kilo moja na gramu mia nane. Kisha akampa ule mwembamba wa marehemu. Gramu mia saba.

Koplo, ambaye hesabu za shule zilimtesa, safari hii alimtangulia. "Tofauti kilo moja na gramu mia. Ileile."

"Ileile. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo getini alikuwa na mzito. Taratibu hasemi uongo. Kuna mtu kaubadilisha huko juu." Macho yalimng'aa. "Mpagazi. Mfuko kama ule ni mali, Shangazi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mpagazi aliyebeba begi la marehemu alikuwepo, akishona kamba za begi uani. Wenzake walimwita Shingo, na ukimwona hukuuliza kwa nini. Koplo alitaka kufungua sanduku lake la vitu, naye akampa ufunguo bila neno. Chini kabisa, chini ya sweta na sufuria, kulikuwa na mfuko wa kulalia. Mzito. Wa kijani.

Koplo aliuinua juu kama aliyevua samaki. Shingo aliendelea kushona.

"Nilipewa na mgeni," alisema. "Mwaka juzi."

"Wote mnapewa na mgeni."

Shangazi aliuchukua, akauingiza mkono mpaka kwapani. Akautoa. Vidole vitatu vilikuwa vimetokea upande wa pili, kwenye tundu lililotafunwa na panya, na kingo za tundu zilikuwa nyeusi kwa uchafu wa siku nyingi. Akaugeuza ndani: hapakuwa na saa iliyochorwa popote. Mtunza stoo, mlangoni, alisema kwamba zawadi zote za wageni zinaandikwa, akafunua daftari na kuonyesha mstari wenyewe, mwezi na mwaka. Koplo aliukunja mfuko wa watu taratibu, akaurudisha chini ya sufuria.

"Tusamehe, ndugu yangu," Shangazi alisema. "Hebu nieleze. Mliposhuka ulibeba nini?"

"Begi la kaka lilikuwa limeshachukuliwa na askari wa hifadhi. Nikapewa la dada yake, maana mpagazi wake aliumia goti."

"Ulikuwa umewahi kulibeba?"

"Siku ya pili, nusu ya njia." Akakata uzi kwa meno. "Lilikuwa limeongezeka."

"Limeongezeka nini?"

"Uzito. Nilidhani kaokota mawe ya ukumbusho, wageni wanapenda. Halafu nikajiambia, mtu amefiwa na kaka yake asubuhi, ataokota mawe saa ngapi?"

"Una hakika? Ulikuwa umechoka, na mlikuwa na msiba."

Shingo alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nabeba mizigo ya wenzangu mwaka wa kumi na tisa huu, usufi sijauona. Kilo moja ikizidi, shingo inajua kabla ya mizani."

"Kwa nini hukusema kituoni?"

"Nani aliniuliza?"

Hapo Shangazi aliona haya, na alistahili kuona haya. Siku tano nzima, watu wawili walikaa na majibu, mmoja mahabusu na mmoja uani kwa kampuni, na kituo kizima hakuna aliyekwenda kuwasikiliza. Alirudi stoo akaomba daftari la ukaguzi, lile lenyewe, sio ukurasa mmoja uliotolewa kopi na kuwekwa kwenye faili.

Mwandiko wa Taratibu ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Kila mpandaji alikuwa na ukurasa wake. Ule wa marehemu Shangazi alikuwa ameshausoma kwenye faili mara nne. "Saa nne na nusu. Mfuko wa kulalia: jasho kwenye sitini. Kamba ya kofia ina fundo halifunguki. Unafaa."

Akafunua ukurasa uliotangulia, wa mdogo wake. "Saa nne na dakika tano. Mfuko wa kulalia: jasho kwenye sitini. Kamba ya kofia ina fundo halifunguki. Unafaa."

Alivaa miwani vizuri, akasoma tena. Kisha akamsogezea Koplo.

"Mifuko miwili," Koplo alisema polepole, "yenye fundo moja."

"Mfuko mmoja. Umepita nyuma ya pazia mara mbili."

"Na yeye hakuona? Kaandika mwenyewe."

"Aliandika ya kila mtu kwenye ukurasa wake, na hakurudi nyuma kusoma. Alikuwa anatazama mtu aliye mbele yake." Akamgeukia mtunza stoo. "Siku ile yule dada aliomba chochote hapa dirishani?"

"Aliomba mfuko mzito wa kukodi. Kabla ya ukaguzi. Alisema anayo miwili nyumbani, inafanana rangi, akafungasha usio wenyewe."

"Ukamwambia?"

"Hakuna. Yote ilikuwa imechukuliwa na msafara mwingine."

"Na asiye na mfuko unaofaa?"

"Anabaki."

Ilikuwa saa nane kasoro. Shangazi aliweka saini ya kuchukua daftari, akaomba Koplo aendeshe.

Mdogo wake marehemu alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake ndicho kilichokuwa kiwanda: cherehani mbili, meza ya kukatia, sare za wauguzi zimetundikwa ukutani zikiwa hazina mikono. Nyuma kulikuwa na pazia la maua, na ng'ambo yake uani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, na futi ya kupimia shingoni. Alisimama walipoingia.

"Poleni na msiba," Shangazi alisema.

"Tumeshapoa, mama. Karibuni." Akatoa vitambaa kwenye stuli.

Koplo alibaki mlangoni. Shangazi alikaa, akatoa mfuko mwembamba kwenye bahasha kubwa ya vielelezo, akautandaza juu ya meza ya kukatia, upande wa zipu ukiwa juu. Hakutaja kaka wala mlima.

"Wewe ni fundi. Nitazamie hii zipu. Hii ni kazi ya mtu anayejua?"

Mikono ilimponza. Ilikwenda kwenye kitambaa kabla kichwa hakijaizuia, kidole gumba kikafuata mshono. "Anajua. Ameshona kwa kurudi nyuma, mara mbili, na uzi ameupaka nta usioze. Na hapa juu ameukunjia ndani ili usimkwaruze..." 

 Kidole kilibaki pale juu, penye shingo.

"Usimkwaruze nani?" Shangazi aliuliza.

 Shangazi alifungua daftari, akaweka kurasa mbili wazi mbele yake, akamsomea zote mbili, fundo na fundo. Akamwambia uzito wa getini na uzito wa asubuhi ile. Akamwambia alichosema Shingo. Aliyasema yote kwa sauti ya chini, bila kuongeza chumvi, kisha akangoja. Nje kuku alipita akikwaruza.

"Ni wangu," yule dada alisema hatimaye. "Nilikosea nyumbani. Nilichukua huu nikauacha mzito juu ya kabati."

"Wazo la kuupitisha mara mbili lilikuwa la nani?"

"La kaka. Alikuwa ameniahidi ule mlima tangu nikiwa shule. Nilimwambia nitabaki, akacheka, akasema Taratibu anaita mmoja mmoja. Akanipa wake, nikakaguliwa, nikamrudishia kwa chini ya pazia. Tulicheka, mama. Tulicheka kama watoto."

"Halafu?"

"Kambi za chini nililalia wangu, haikuwa shida. Kambi ya mwisho ile mvua ilitulowesha. Kwenye chakula meno yalikuwa yananigongana. Niliporudi hemani nikakuta wake umetandikwa, wangu haupo." Aliishika futi shingoni kwa mikono miwili. "Nikaenda kwake. Nikamwambia kaka, nipe wangu. Akasema yeye ana nguo nyingi, atavaa zote, nikalale. Nikamwambia tena. Akasema nisimpigie kelele, watu wamelala."

"Ukaenda kulala."

"Nikaenda kulala."

"Na asubuhi?"

"Mpishi alipopiga kelele nilijua kabla sijafungua hema. Nikaukunja ule wake nikauficha chini kabisa ya begi."

Shangazi alivua miwani. Alimwonea huruma, na huruma hiyo hakuiruhusu iende mbali. "Maelezo uliyoandika kituoni si kweli. Kuna mtu amelala sakafuni siku tano kwa ajili yake."

"Mama aliniuliza," dada alisema. "Tulipoingia tu na jeneza. Aliniuliza ni nani aliyemwacha mwanangu alale na kitambaa hiki. Watu wote wako pale. Nikasema kiongozi. Lilinitoka. Na baada ya hapo kila mtu akawa analisema, nikashindwa kulirudisha." Akaiachia futi. "Nilikuwa nakwenda kusema. Kila siku nasema kesho."

Pazia la maua lilisogea. Mama mtu alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa jinsi alivyosimama, alikuwa amesimama muda mrefu. Alikuwa mzee, mfupi, amejifunga kanga ya msibani, na mikononi amekumbatia mfuko wa kulalia, mzito, wa kijani, uliokunjwa vizuri na kunukia sabuni.

"Shikamoo, mama," Shangazi alisema, akisimama.

"Marahaba." Hakumtazama. Aliuweka mfuko mezani, akafunua sehemu ya shingo. Uso wa saa ulikuwa pale, saa tatu kamili. Akavuta kamba ya kofia mpaka fundo likatokea. "Hili nililifunga mimi. Kamba ilikuwa inamchomoka, nikalifunga lisifunguke tena. Juzi nimefua nguo zako za safari, nikaukuta."

"Mama," binti alisema.

"Nimeulaza kitandani kwangu siku mbili, nikisubiri uje uniambie."

"Mama, nilijua. Nililala huku najua."

"Nimesikia."

"Hujasikia yote." Sasa alikuwa akilia, na alilia bila kujifunika. "Usiku nilishtuka kwa joto. Nilitoka jasho. Nikafungua zipu nipate hewa, nikalala tena."

 Koplo mlangoni aligeukia barabarani. Mama mtu aliukunja tena mfuko, upande mmoja, kisha mwingine, akaubana kwa kiganja kuutoa hewa, kama anayekunja nguo za mtoto anayesafiri.

"Hilo utaishi nalo," alisema. "Sina cha kukupunguzia. Ningekuwa nacho ningekupa." Kisha akamgeukia Shangazi. "Yule kiongozi ana mama?"

"Anaye. Yuko kwenye benchi pale kituoni tangu asubuhi."

"Amekula?"

"Hajala."

Mama mtu alimwangalia binti yake. "Niletee viatu vyangu. Na wewe uvae vyako."

Ilikuwa saa tisa na robo walipotoka. Shangazi alihesabu: dakika ishirini mpaka kituoni, dakika kumi za kuandika maelezo mapya, na Mkuu angekunja uso lakini faili lisingeondoka. Taratibu angetoka leo. Angetoka akijua pia kilichomo kwenye zile kurasa mbili alizoziandika kwa mkono wake, na Shangazi alijua kwamba misafara yote iliyobaki atatandaza turubai uwanjani.

Koplo alinyoosha mikono kuupokea mfuko. Kielelezo hubebwa na askari, ndiyo kanuni, na mama alikuwa mzee.

"Niache," mama alisema. "Ni mwepesi."

Koplo alimtazama Shangazi. Shangazi akafungua mlango wa gari.

Pale kituoni mama wa Taratibu alikuwa bado kwenye benchi, mkoba mapajani. Aliona wanawake watatu wakiingia na askari mmoja nyuma, na yule wa katikati, mzee, amekumbatia kitu cha kijani kifuani. Hakumjua. Mama mtu alikwenda moja kwa moja akasimama mbele yake.

"Mimi ndiye mama wa marehemu," alisema. "Mwanao hana kosa kwa mwanangu. Tumekuja kusema."

Yule mwingine alimtazama kwa muda, kisha akachukua mkoba wake, akasogea mpaka mwisho wa benchi, akampa nafasi ya kukaa.